Inua Trekta, Usiinue Gurudumu: Kufungua na Kufunga Tairi la Nyuma Nyumbani

Gurudumu la nyuma la trekta likisimama wima kwenye sakafu tambarare, kijana mmoja hulibiringisha kwa mikono miwili bila kutoa jasho. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika. Linapoinama kidogo tu, uzito wote uliokuwa umetulia ardhini humhamia yule aliyelishika, na hakuna mikono inayouweza.

Hebu tuhesabu. Chukua trekta linalojulikana mashambani kwetu, Massey Ferguson 385, lenye matairi ya nyuma ya 18.4-30, yaani upana wa inchi 18.4 na rimu ya kipenyo cha inchi 30. Tairi, tyubu, rimu na sahani ya chuma ya katikati havipungui kilo 150. Kama kuna vyuma vya uzito vimefungwa kwenye rimu, kila kimoja kinaongeza makumi ya kilo. Kama tairi limejazwa maji ili trekta lisiteleze wakati wa kulima, ongeza zaidi ya lita 200, na kila lita ni kilo moja. Gurudumu moja sasa linakaribia nusu tani. Huo ni uzito wa fahali aliyenona, na fahali huyo anasimama kwa mguu mmoja.

Kwa hiyo kazi yote ninayoieleza hapa inategemea kanuni moja: gurudumu halibebwi. Linabaki limegusa ardhi tangu mwanzo hadi mwisho, na trekta ndilo linalopandishwa na kushushwa kwa jeki, milimita kwa milimita, mpaka bolti na matundu vikutane. Ukiona watu wanne wanashikana mabega ili wainue gurudumu, simamisha kazi. Kuna jambo limekosewa kabla yao.

Kwanza jiulize: lazima litoke?

Ikiwa shida ni pancha, mara nyingi gurudumu halina haja ya kutoka. Fundi wa matairi anaweza kuinua upande huo, kutoa upepo wote, kuachanisha ukingo wa nje wa tairi na rimu, na kuivuta tyubu huku rimu ikiwa bado imefungwa kwenye trekta. Kazi ni nusu, na hatari ya gurudumu kuanguka inakuwa haipo tena. Ninasisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakifungua nati nane kwa sababu ya msumari mmoja.

Gurudumu litoke pale tu panapokuwa na sababu: sili ya ekseli inavuja, rimu imepasuka, bolti zimekatika, unataka kufunga magurudumu ya chuma ya kuingilia jaruba la mpunga, au unabadilisha upana kati ya tairi na tairi ili ufuate mistari ya mazao.

Na kuna hali ambazo nakuomba umwite fundi mwenye vifaa:

- Eneo lote ulilonalo ni mteremko au tope.
- Nati zimeshikwa na kutu mpaka mtu ameanza kuzungumzia kuzichoma kwa gesi.
- Huna stendi wala magogo imara, una jeki peke yake.
- Tairi lina maji na huwezi kuyatoa.

Kwa nini trekta huanguka kwenye jeki

Wengi wanajua kuweka giya na kuvuta hendibreki, kisha wanajiona salama. Trekta lina tabia zake, na lazima uzielewe kabla ya kugusa spana.

*Giya haitoshi.* Tairi zote mbili za nyuma zinapokuwa chini, giya huzishika. Ukiinua moja, difu inaliruhusu lililoko hewani lizunguke upande huu na lililobaki ardhini lizunguke upande ule. Trekta linaweza kutembea likiwa ndani ya giya. Hendibreki inasaidia ikiwa inashika tairi zote mbili sawasawa, lakini ni trekta ngapi za umri mkubwa ambazo hendibreki yake unaiamini? Kinachoshika ni kabari, mbele na nyuma ya kila tairi linalobaki chini.

*Ekseli ya mbele ni bembea.* Kwenye trekta nyingi ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati, ili tairi za mbele zifuate mabonde ya shamba. Unapoinua upande mmoja wa nyuma, mwili wa trekta unaanza kulalia upande mwingine juu ya pini hiyo, na ekseli ya mbele haizuii chochote. Dawa yake ni vipande viwili vya mbao ngumu, vilivyochongwa kama kabari, vigongwe katikati ya ekseli ya mbele na mwili wa trekta, kimoja kushoto na kimoja kulia. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na haichukui dakika tano.

*Ardhi inameza jeki.* Kitako cha jeki ya chupa ni kidogo kama kiganja. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, au kwenye kichanga, kitazama upande mmoja na jeki italala. Weka chini yake ubao mnene au bamba la chuma lenye upana usiopungua sentimita 40 kila upande. Sakafu ya zege ni bora kuliko vyote.

Niongeze la nne, ambalo halihusu chuma. Trekta likifunguliwa nyumbani, watu hukusanyika. Watoto huja kutazama, jirani huja na ushauri, na kila mmoja anatoa amri yake. Kabla ya kuanza, watoto waende mbali, na wanaobaki wakubaliane kwamba sauti ni ya mtu mmoja. Akisema "simama", kila mkono unaacha.

> VIFAA: USIANZE MPAKA VYOTE VIMEFIKA
>
> ☐ Jeki ya mafuta ya tani 5 hadi 10, isiyovuja
>
> ☐ Jeki ya pili ya ukubwa huohuo, ikae karibu kwa dharura
>
> ☐ Stendi mbili za chuma, au magogo ya mbao ngumu yaliyokatwa mraba (mataruma ya reli ya mbao yanafaa sana)
>
> ☐ Vibao vyembamba vya kurekebisha kimo
>
> ☐ Kabari nne au zaidi za tairi, na kabari mbili za ekseli ya mbele
>
> ☐ Spana ya nati za tairi inayokaa sawasawa, na bomba la kuurefusha mpini wake
>
> ☐ Mtaimbo
>
> ☐ Kamba nene, mita 10 hivi
>
> ☐ Brashi ya waya, matambara, chaki
>
> ☐ Viatu vilivyofunika vidole. Kandambili haziingii kwenye kazi hii
>
> ☐ Watu wazima watatu na simu yenye chaji
>
> Visivyoruhusiwa: matofali, mawe, na tofali za saruji. Tofali hubeba mzigo mkubwa likiwa kimya kabisa, halafu hupasuka ghafla bila kutoa mlio wa onyo. Mbao ngumu hulalamika kwanza, nawe unapata muda wa kutoka.

Maji ndani ya tairi

Ukinunua trekta lililotumika, usidhani tairi zina upepo tu. Piga ubavu wa tairi kwa nyundo ndogo ukianzia juu ukishuka: mlio wa ngoma tupu ukibadilika kuwa mzito, hapo maji yanaanzia. Namna nyingine ni kuisogeza valvu iwe chini, kisha kuibonyeza kidogo. Kikitoka kimiminika badala ya upepo, una jibu.

Toa maji kabla ya kufungua gurudumu. Weka valvu upande wa chini, inua tairi liache kubonyea, fungua kiini cha valvu na uache yatoke. Huchukua muda mrefu, tena yakikaribia kwisha hutoka polepole kwa sababu upepo haupati njia ya kuingia. Vumilia. Simama pembeni unapofungua, kwa maana yanatoka kwa nguvu. Kwenye trekta zilizoletwa kutoka nchi za baridi, ndani mnaweza kuwa na maji yaliyochanganywa na chumvi ya kalsiamu ili yasigande, nayo huila rimu. Ukiona ukoko mweupe kuzunguka valvu, usiyamwage bustanini, na uioshe rimu vizuri kabla ya kurudisha tairi.

Kufungua

1. Egesha trekta mahali tambarare, pagumu, asubuhi au mchana. Usianze jioni kwa matumaini ya kumaliza kabla ya giza. Fungua jembe au haro na uishushe chini. Mikono ya haidroliki isibaki imebeba kitu. Zima injini, chomoa ufunguo, uweke mfukoni mwako.

2. Vuta hendibreki, weka giya, gonga kabari mbele na nyuma ya tairi zote zinazobaki. Gonga zile kabari mbili za ekseli ya mbele.

3. Safisha nati kwa brashi ya waya. Tia chaki kwenye bolti moja na tundu lake, ili ujue namna lilivyokaa.

4. Zilegeze nati wakati tairi bado lipo chini na limebeba uzito, kila moja nusu mzunguko tu. Vuta bomba kuelekea kwako ukiwa umesimama imara; usirukie mpini kwa miguu. Spana ikichomoka, anayevuta hukaa chini, anayeruka huvunjika.

5. Panga jeki chini ya nyumba ya ekseli, lile bomba nene la chuma linaloifunika, karibu na gurudumu. Usiiweke chini ya sampu ya mafuta, wala kwenye ndoano ya trela. Ekseli iko juu, hivyo jeki ya chupa haitaifikia bila kuinuliwa. Panga magogo mawili mawili kwa kupishana, safu moja mashariki-magharibi, inayofuata kaskazini-kusini. Kimo cha rundo kisizidi mara mbili ya upana wa kitako chake.

6. Inua taratibu. Kila sentimita chache simama, zunguka, tazama: jeki ipo wima? Kabari zimekaa? Tairi likiacha ardhi kwa unene wa kidole, inatosha.

7. Weka stendi au rundo la magogo pembeni mwa jeki, chini ya nyumba ya ekseli. Shusha trekta likae juu yake. Sasa pima: tunataka tairi liiguse ardhi kidogo tu, libebe uzito wake lenyewe bila kubeba trekta. Liko juu? Punguza kibao. Limebonyea? Ongeza. Dakika kumi utakazotumia hapa zitakuokoa saa nzima baadaye. Jeki iache pale pale, imegusa, kama mlinzi wa pili.

8. Sukuma trekta kwa bega kabla ya kuondoa nati. Likitikisika juu ya stendi, rudi hatua ya 5.

9. Ondoa nati zote isipokuwa mbili za juu, ambazo utaziacha zimeshika kwa mizunguko michache. Gurudumu likitaka kulala nje, hizo mbili ndizo zitakazolishika.

10. Lisogeze gurudumu kwa mtaimbo, chini kushoto, chini kulia, litoke kwenye kitovu. Watu wawili wasimame kwenye kingo zake, mmoja upande wa mbele ya trekta na mmoja upande wa nyuma. Asisimame mtu mbele ya uso wake, wala kati yake na trekta. Ondoa nati mbili za mwisho, livuteni hatua kwa hatua, kisha libiringisheni.

11. Lifikisheni penye nguzo imara au mti. Lifungeni kwa kamba sehemu ya juu, na kabari pande zote mbili chini. Kuliegemeza ukutani bila kamba ni mtego kwa mtoto atakayepita kesho.

> LIKIANZA KUANGUKA, LIACHE
>
> Semeni hivi kwa sauti kabla ya kuanza, kila mmoja asikie. Silika ya mtu ni kukidaka kinachoanguka. Rimu iliyopinda hunyooshwa, na tairi haliumii kwa kuanguka. Mguu ulionaswa chini ya nusu tani haurudi ulivyokuwa.
>
> Mtu akibanwa, asivutwe. Tumieni jeki ya pili kuinua mzigo, wekeni mbao kila unapopanda, kisha mmtoe na kumpeleka hospitali hata akisema hana maumivu.

Neno kuhusu rimu na upepo

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Rimu nyingi za trekta zina makundi mawili ya bolti: zinazoshika sahani kwenye kitovu cha ekseli, na zinazoshika rimu kwenye sahani. Unafungua za kwanza. Kuna pia rimu ndogo, hasa za trela na vifaa vingine, zilizoundwa kwa nusu mbili zilizobanwa kwa bolti zake. Ukifungua bolti hizo tairi likiwa na upepo, nusu moja itaruka kama kifuniko cha bomu. Usipokuwa na uhakika ni bolti zipi, chomoa kiini cha valvu na utoe upepo wote kwanza.

Moto na rimu visikutane kamwe wakati tairi limefungwa. Kuchomelea ufa au kupasha nati kwa gesi hupandisha joto la hewa na la mpira wenyewe, na tairi hulipuka hata baada ya moto kuzimwa. Toa tairi kwenye rimu kwanza.

Unapojaza upepo ili tairi likae kwenye rimu, pakaa maji ya sabuni ukingoni, tumia mpira mrefu, simama pembeni na si mbele ya ubavu wa tairi. Usivuke psi 35. Lisipokaa kwa kiwango hicho, toa upepo wote, pakaa sabuni tena, lisogeze, uanze upya.

Kufunga

1. Safisha kitovu na uso wa sahani mpaka chuma kionekane. Tope kavu, kutu na rangi nene vikibanwa leo, kesho vinasagika, na nati ulizokaza kwa nguvu zote zinakuwa zimelegea. Sababu kubwa ya gurudumu kuchomoka shambani ni hii, na haionekani kwa macho baada ya kufunga. Usipake grisi kwenye nyuso hizo.

2. Kagua matundu. Tundu lililokuwa duara likiwa limekuwa la yai, sahani imechoka, usiirudishe.

3. Tazama meno ya tairi. Ukisimama nyuma ya trekta, alama zifanane na paa la nyumba, ncha ikielekea juu. Tairi nyingi zina pia mshale ubavuni unaoonyesha mwendo wa mbele. Zikiwa kinyume, tairi linakusanya tope badala ya kulitema.

4. Libiringisheni gurudumu mpaka lielekeane na kitovu. Matundu yasipolingana kwa pembeni, lizungusheni kidogo. Yasipolingana kwa juu au chini, pandisha au shusha trekta kwa jeki. Vidole visiingie kwenye tundu kupima. Tumia jicho, au kijiti.

5. Sukumeni likae, shika nati mbili za juu kwanza, kisha zilizobaki, zote kwa mkono. Nati yenye upande uliochongwa kama pia, upande huo huelekea rimu.

6. Kaza kwa spana fupi kwa kuvuka: ukikaza ya juu, inayofuata ni ya chini yake, ukikaza ya kushoto, inayofuata ni ya kulia. Ukizifuata kwa mduara gurudumu litakaa upande.

7. Inua kwa jeki, toa stendi, shusha tairi lishike ardhi. Sasa kaza kwa nguvu kamili, tena kwa kuvuka, mizunguko miwili.

Nguvu kamili ni ngapi? Kitabu cha trekta lako kinaitaja kwa Nm, na spana ya kipimo hukupa jibu sahihi. Kama huna spana hiyo, fahamu kwamba Nm 300 ni karibu sawa na kuvuta kwa nguvu ya kilo 30 kwenye mwisho wa mpini wa mita moja. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya mwisho wa bomba hilo anazidi Nm 650, na bolti inaanza kunyooka kama mpira uliochoka. Kukaza kupita kiasi hukata bolti sawa na kulegeza.

8. Ondoa kabari za ekseli ya mbele kabla ya kuwasha injini. Ukizisahau, ekseli haitabembea shambani, na kwenye tuta la kwanza trekta litainama vibaya.

Ukibadilisha upana

Ukipanda mahindi kwa mistari ya sentimita 75, upana wa sentimita 150 kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine huiacha mistari miwili chini ya tumbo la trekta, na tairi zikapita kati ya mistari. Kwa kuwa sahani imebonyea upande mmoja, unaweza kupata upana mwingine kwa kuhamisha la kushoto kulia na la kulia kushoto. Usiligeuze gurudumu palepale lilipo: meno yatakuwa kinyume. Kwa kuwa mabadilishano haya hutaka magurudumu yote mawili yawe nje kwa wakati mmoja, mwachie fundi mwenye vifaa. Trekta lisikae kwenye stendi pande zote mbili za nyuma kwa kazi ya nyumbani.

Siku ya kwanza kazini

Gurudumu lililofungwa vizuri bado linahitaji kukazwa tena. Linapobeba mzigo, sahani inakaa zaidi kwenye kitovu na nati zinabaki na nafasi ndogo ambayo haikuwepo jana. Angalia mistari ya kutu inayotiririka kutoka kwenye nati, au rangi iliyopasuka kuizunguka: hizo ni dalili kwamba inacheza. Mweleze dereva pia, kwa sababu ndiye atakayesikia kugonga kwa gurudumu kabla yako.

Lima saa moja. Kisha zima injini, shuka na spana mkononi, ukaze nati zote. Rudia jioni, na kila asubuhi kwa wiki nzima.